Waridi ndani ya jibini

Chantal wa Karuba anatengeneza jibini tangu ujana wake, na mikono yake hunuka maziwa yaliyoganda hata akioga mara mbili. Jumapili moja kanisani alikaa karibu nami, nami nikavuta kitenge hadi puani. Aliniona.

Kesho yake alinunua dukani kwa Mumbere marashi ya waridi, yale ya bei nafuu ambayo wanafunzi wangu hujipaka kila siku, yenye harufu kali isiyotoka upesi. Alijipaka kila asubuhi, mpaka viganjani, kisha akaenda kukanda maziwa yake.

Mwezi ulipoisha, mnunuzi kutoka Goma alikata jibini moja, akainusa, akacheka.

“Mama, hii iko fromaji ao sabuni?”

Akamwachia zote arobaini.

Nilipokwenda kumpa pole, Chantal alinikatia kipande.

“Kula, Mwalimu. Lakini mimi, sasa niko nanukia muzuri?”

Hakuwa akinikejeli, alitaka kujua kweli. Nikamjibu ndiyo. Nikatafuna waridi na chumvi nikiangalia chini, bila kumwomba radhi kwa kile kitenge.