Marahaba ya Violeth

Binti yangu Zita alizaliwa Balangdalalu, akakua akichunga ng'ombe wa baba yake. Baba yake alipofariki, shemeji zangu walikuja wakawaswaga wote. Waliniachia ng'ombe mmoja, mgonjwa wa kwato. Nilimtibu akapona, nikamuuza ili Zita aende chuo Katesh. Mimi sikusoma. Baba alisema shule ni ya kaka zangu, na kaka zangu waliiacha wakaenda kwenye pombe.

Miaka ile mkoa wetu ulikuwa umetoka tu kukatwa kutoka Arusha. Katesh ilijaa watumishi wa kuja, na chuo kikajaa watoto wao.

Siku ya mnada nilipanda lori nikiwa na debe la unga na kibuyu cha maziwa mgando. Nikaulizia nyumba waliyopanga wasichana wa chuo. Nilipoingia nilimkuta Zita amechuchumaa kwenye beseni, anafua. Juu ya kiti ameketi mwanamke wa miwani na suti, simu inaning'inia shingoni kwa kamba. Wasichana wawili wamekaa kitandani, wanamsikiliza. Mtu wa namna hiyo kwetu ni mwalimu. Nikatua debe, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Alinitazama kuanzia kandambili mpaka kitenge cha kichwani.

"Marahaba, mama. Karibu."

Wale wa kitandani wakapasuka kwa kicheko.

"Violeth! Unaitikia shikamoo ya mtu mzima?"

"Si amenipa mwenyewe? Nimrudishie?"

"Mwalimu Violeth, tusahihishie na sisi!"

Nikamtazama Zita, nikijua atasimama. Alikuwa ameshika sketi ya huyo Violeth, anaikamua maji, na anacheka kama wenzake.

Nilimvuta nje.

"Huyo ni rika lako?"

"Mama, ungeuliza kwanza."

"Na nguo zake unafua kwa nini?"

"Baba yake ni mkubwa wilayani. Nikifua nakula nao wali, nalala chumba chenye umeme. Wale wengine wanapika ugali kwenye mafiga huko nyuma, hakuna anayewasalimia hata darasani. Unataka nikae nao?"

"Huko ndiko ulikotoka."

"Ndiyo maana sitaki. Usiniharibie, mama."

Nilirudi ndani, nikajitwisha debe langu, nikachukua kibuyu changu.

"Mama, hayo maziwa unauza?" Violeth akauliza.

Nilitoka na unga wangu, na Zita hakunifuata hata mpaka barabarani.

Likizo ilipofika alikuja nyumbani amevaa ile sketi. Violeth alimpa ilipoanza kupauka. Nilikuwa uani, napepeta mahindi. Akapiga goti, jinsi nilivyomfundisha angali mdogo.

"Shikamoo, mama."

Nikaendelea kupepeta.

"Mama, shikamoo."

"Anayeitikia yuko Katesh," nikamwambia. "Kamsalimie yeye."

Alibaki amepiga goti mpaka kuku wakaja kudonoa makapi kando yake. Majirani walisema nina roho mbaya. Na wao waende wakachekwe na watoto wao, halafu waje wanieleze.

Sasa Zita ni mwalimu, anafundisha Tumati, ana mume na watoto. Huja Krismasi, amebeba sukari na vitenge. Wajukuu wakinisalimia naitikia, kila mmoja kwa jina lake. Yeye akipiga goti na kusema shikamoo, namuuliza kama amekula.