Ukucha wa Mkaguzi

“Nani amezibandika redio za watu jina la watu wengine?” mkaguzi wa mwisho alimfokea mama wa lebo mbele ya kiwanda kizima. Ndani redio ni zile zile. Kampuni mbili zinazoziagiza zinatofautiana jina tu la kwenye lebo, na kubandika jina hilo ndiyo kazi pekee ya mama huyo. Alijua bosi akishuka, kibarua kimeota nyasi. Na mkaguzi mwenyewe haridhiki na kitu: kila redio huinusa kwanza kama samaki wa juzi, huitikisa sikioni, kisha huguna. Ukucha wa kidole gumba ameufuga na kuupaka mafuta kama bibi harusi, na sauti yake inakwaruza kuliko stesheni ya mbali.

Bosi akachungulia mlangoni. “Kelele za nini?”

“Vumbi, bosi. Tunafuta vumbi,” mkaguzi akadakia. Mlango ulipofungwa, akainama, akazibandua lebo moja moja kwa ukucha wake wa thamani, hadi ukavunjika, ta!

“Pole, kaka,” mama wa lebo akasema, kicheko kimembana.

“Pole kaa nayo. Ile zamu uliyonishikia nilipouguza mtoto, unayonisimanga nayo kila siku, leo nimeilipa. Tumemalizana.”