Siku ya Kupalilia Mihogo

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: wanafunzi wangu dhaifu wakibaki darasani, kisha wakakaa kimya mbele ya mkaguzi, nitakuwa nimewatetea au nimewaaibisha?

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, sijathibitishwa kazini, nikifundisha Kiingereza darasa la tano huku Kisarawe. Shule ilikuwa na desturi yake. Mkaguzi akija, wasiojua Kiingereza hupelekwa kupalilia mihogo ya shule, wanabaki hodari. Mkaguzi anasifu, anaondoka. Hakuna aliyeona haya.

Mmoja wa wapaliliaji hao alikuwa kijana mrefu kutoka Vihingo. Kwa Kiswahili aliweza kumwiga karani wa boma mpaka ukalia kwa kucheka. Kiingereza kikianza, haneni. Aliwahi kukosea sentensi, na Mwalimu Mkuu akaliamuru darasa zima limpigie makofi ya dhihaka. Tangu hapo wenzake walimwita Bwana Mihogo.

Nikaanza kwenda na wapaliliaji hao shambani jioni. Nilipiga marufuku kucheka kosa la mtu, tukawa tunapalilia huku tukisimuliana kwa Kiingereza. Siku moja kijana yule akasimulia jinsi baba yake alivyovizia nguruwe mwitu, akamrushia mkuki mbuzi wa jirani. Sarufi ilipinda, lakini wote tulimwona yule mbuzi. Hasira zikanipanda. Maneno alikuwa nayo siku zote; sisi walimu ndio tuliomziba mdomo.

Asubuhi ya ukaguzi Mwalimu Mkuu aliniita.

"Wale wako wape majembe."

"Ni wanafunzi, Mwalimu."

"Leo ni wakulima. Na wewe hujathibitishwa, usijisahau."

Nikawakuta wamekwisha kujipanga, majembe begani.

"Tuanzie wapi leo, Mwalimu?" akauliza yule kijana, kwa upole ulioniudhi kuliko matusi.

Nilimfikiria mama yangu kule Mlandizi, aliyekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe ni mwalimu. Gari la mkaguzi lilikuwa linapanda kilima.

"Yawekeni chini," nikasema. "Mkakae dawati la mbele."

"Nikikosea je?"

"Utaendelea na sentensi inayofuata."

Mkaguzi alipotaka mwanafunzi mmoja asimame azungumze, Mwalimu Mkuu alinikazia macho. Nikageuka upande wa dawati la mbele, nikamwomba yule kijana atusimulie habari za mbuzi.