Mama Tone na Damu ya Mbwa wa Seremala

Saa tatu asubuhi, mwanamke aliyevaa koti jeupe anakiviringisha kichupa cha damu kati ya viganja vyake, taratibu, kama mtu anayepasha mikono joto.

"Ukiitikisa kwa nguvu umeiharibu," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiiacha mezani ukaenda kupiga soga, nayo umeiharibu. Damu haina subira."

Wenzake katika kliniki hii ya wanyama humwita Mama Tone, kwa kuwa tone moja linamtosha kuanza kazi. Yeye ni mtaalamu wa maabara, na mbwa mahututi akiletwa, hupima lakteti: kitu kinachojaa kwenye damu pale mwili unapozidiwa na viungo vikakosa hewa ya kutosha. Namba ikiwa chini ya mbili na nusu, watu hupumua. Ikipanda sana, madaktari huanza kuongea kwa sauti ya chini.

Leo tone ni la mbwa jike wa seremala. Kizazi chake kimejaa usaha na sumu imesambaa mwilini. Ameletwa kwa mkokoteni, amefunikwa koti la kazi lenye vumbi la mbao.

Seremala mwenyewe ni mzee wa miaka sitini na ushei, na masikio yake yameliwa na kelele za msumeno wa umeme. Mteja akibisha, mbwa ndiye humvuta suruali. Gari likirudi nyuma mlangoni pa karakana, mbwa ndiye humsukuma kando.

"Huyu ndiye masikio yangu," anasema, kwa sauti ya mtu asiyejua kuwa anapiga kelele. "Akienda huyu, nafunga karakana. Nitafanyaje kazi?"

Mashine inalia. Tisa nukta nane.

Daktari anaitazama namba, anavua miwani. Kwa namba hiyo, mbwa wengi hawavuki upasuaji.

"Tutamtesa bure," anasema. "Pengine nimweleze mzee habari ya sindano ya kumpumzisha mbwa milele."

"Subiri kidogo, daktari. Nani alimshika wakati anatolewa damu?"

"Mzee mwenyewe."

Hapo ndipo penye kasheshe. Seremala, kwa mapenzi, alimkumbatia mbwa wake kwa mikono iliyozoea kubana mbao. Mbwa akahisi anasongwa, akapigana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Sindano ikaingia kwenye mshipa kwa jaribio la tatu. Na misuli inayopigana humwaga lakteti kwenye damu hata kwa mbwa mzima wa afya.

"Kwa hiyo humo kwenye tisa kuna ugonjwa na kuna mieleka," anasema Mama Tone. "Sijui kipi ni kiasi gani."

Daktari hana ubishi; naye ameshaiona hali hiyo. Dripu iingie kwanza, dawa ifuate, kisha damu itolewe upya, safari hii mzee akiwa nje.

Muda unajiburuta. Mama Tone anafuta meza aliyokwisha kuifuta. Roho iko juu na wala haifichi.

"Watu wanadhani kazi hii inataka asiyeogopa damu. Mimi naogopa namba," anasema.

Alipokuwa mgeni kazini, alipeleka namba kubwa ya mbwa mmoja na familia ikaamua apumzishwe. Hadi leo hajui kama mbwa yule angepona. Mwingine alikuwa na namba nzuri kiasi kwamba walimtania kuwa kaja kupiga picha tu. Kesho yake hakuamka.

"Namba inajua mbwa wengi wa namna hii huishia wapi. Huyu mmoja aliyelala hapa haimjui."

Nyumbani, akinyamaza mezani, wanawe huulizana, "Leo mama kaona ngapi?"

Damu ya pili inatolewa. Muuguzi amemwekea mbwa kiganja kimoja tu shingoni, na sindano inaingia mara moja. Tano nukta sita.

"Bado iko juu," anasema daktari. "Lakini inashuka. Inayoshuka naweza kuingia nayo chumba cha upasuaji."

Upasuaji unakwisha mchana. Mbwa yu hai, ulimi umepauka, anapumua kwa vituo. Kichupa cha tatu kinafika, na Mama Tone anakiviringisha tena kati ya viganja. Tatu nukta moja.

Ana mipango. Anataka kliniki ipate mashine ya mkononi, apime palepale mnyama alipolala. Anataka pia kuwafundisha wenye mbwa namna ya kuwashika. "Mapenzi yasije yakaua," anasema. Lakini tumaini lake kubwa ni dogo kuliko hayo: "Natamani siku moja nimjibu mtu bila kuweka 'lakini'."

Majibu ya maabara hutolewa kwa mnong'ono. Kwa seremala, mnong'ono haufiki.

"Namba imeshuka, baba!" Mama Tone anapaza sauti kwenye chumba cha kungojea. Mwenye paka na mwenye sungura wanageuka.

"Imeshuka?" Uso wa mzee unasawijika. "Jamani! Imeshuka!"

"Kushuka ni kuzuri, baba! Ndiko tunakokutaka!"

"Aa! Sasa si ungeanza na hapo, mwanangu?" Watu wanacheka. Mzee anafuta macho kwa mkono wa shati. "Kwa hiyo atapona?"

Mama Tone anainama karibu na sikio lake.

"Lakini bado, baba! Mpaka kesho!"

"Bado nini?"

"Bado tunangoja!"

Seremala anasogea mwisho wa benchi na kupigapiga nafasi iliyobaki.

"Basi kaa tungoje."

Mama Tone anaangalia mlango wa maabara. Miaka yote ya kazi yake amepita mbele ya benchi hili akiwa na haraka, na hajawahi kulikalia.

Anakaa.