Ubavu wa Buluu

Shangazi wa bwana arusi alikuja kwangu wiki tatu kabla ya ndoa ya binti yangu, amebeba ndizi na maneno. Ndizi alizitoa kwanza. Nikampa kiti, nikampa maji, akauliza habari za kila mtu mpaka za kuku. Kisha akalitazama gari langu lililosimama kando ya jiko, akashusha sauti kana kwamba ndani yake kuna mgonjwa amelala.

"Mama, sisi kule nyumbani tumefikiri. Siku ile tutaleta gari yetu, mutoto apande mule. Hii yenu ibakie tu hapa. Watu wasianze kusema-sema."

Katika ukoo wetu, binti hatolewi nyumbani na wakwe. Watu wa kwao ndio wanaompeleka mpaka mlango wa kanisa, kwa gari, kwa pikipiki, hata kwa miguu kama ni miguu tu waliyo nayo, na upande wa bwana unampokea pale. Anayefuatwa na gari la wakwe mpaka uani kwao ni yule asiye na mtu nyuma yake. Shangazi alilijua hilo. Nami nilijua kwamba analijua.

"Aka!" nikasema. "Mutoto wangu atatoka hapa na gari yetu. Njo vile."

"Na ule ubavu?"

"Ubavu nitautengeneza."

"Na fundi gani?"

"Mimi."

Alicheka. Wala hakikuwa kicheko kibaya, na ndicho kilichoniudhi zaidi. Alicheka kwa huruma.

Ni kweli ubavu ulikuwa unatisha. Karibu na daraja la Lukuga, kamio moja, lori kubwa lililopakia mahindi, ilinibana, ikanikwangua upande wa kushoto kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, ikaenda zake. Shofere hata shingo hakugeuza. Milango yote miwili ilibonyea, na ule wa nyuma uliingia ndani kama bakuli. Lakini gari halikuacha kazi. Miaka na miaka nimebebea humo vikapu vya ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka ufukweni mpaka sokoni. Baba wa binti yangu alikwenda Manono kutafuta maisha, akapata maisha mengine hukohuko, asirudi. Gari likabaki. Minerval ya mtoto, yaani karo ya shule, sare, daftari, dawa za malaria, vyote vilitoka humo. Leo lifichwe kwa sababu ya kovu? Thubutu!

Shangazi alipokwenda, binti yangu, aliyekuwa akimenya muhogo, akasema bila kuinua macho, "Mama, pengine tukubali tu. Gari inanuka ndagala. Nitaona haya."

Iliniuma, sitaficha. Nikamjibu kwa hasira, "Na wewe unanuka ndagala! Hizo njo zilikulisha." Akaacha kisu, akaingia ndani. Tangu siku hiyo tulizungumza habari za mchele, vitambaa na wageni, lakini neno gari halikutoka tena mdomoni mwake. Sikujua kama atapanda au la, na kwa kiburi changu sikumwuliza.

Fundi wa garaji alisema milango mingine iagizwe Lubumbashi. Bei aliyoitaja ilinifanya nimuage palepale. Kesho yake nikarudi kutoka sokoni, nikafunga kitenge kiunoni, nikaanza.

Nati za bawaba za mlango wa nyuma zilishikwa na kutu, hazisogei. Mafuta ya kopo ya kulegezea kutu sina. Nina nini? Nina mawese. Nikayachemsha, nikazimwagia, nikangoja kidogo, zikalegea zote. Nilijiona fundi kabisa. Mlango nikaung'oa, nikaulaza juu ya gunia la mchanga, nyundo nikaivisha kipande cha tairi isichubue bati, nikagonga.

Kunyoosha bati nilijifunza kwa kukosea. Hupigi katikati ya bonde. Unaanza pembeni, unazunguka, unasogea ndani polepole, pigo dogo, pigo dogo. Ukipiga kwa hasira, bati linavimba upande wa pili, na sasa una kilima mahali pa bonde. Mimi ni mtu wa hasira. Nilitengeneza vilima vingi, nikavirudia kimoja kimoja.

Majirani walikuja kutazama. Mama mmoja akasimama kwenye ua, mikono kiunoni, akauliza kama nimefungua garaji.

"Ndiyo," nikamjibu. "Lete na mdomo wako niunyooshe."

Baada ya siku nne nikapaka mastiki, ile dawa nzito ya kujazia mabonde ya bati. Kiasi cha kwanza kiligandia kwenye bakuli kwa sababu ya jua kabla sijafika mlangoni. Cha pili nikakichanganya kivulini, nikakipaka, kikakauka, nikakisugua kwa msasa na maji mpaka kiganja kikapita bila kukwama. Siku hiyo nilipika nikiimba. Asubuhi nikaugusa mlango kwa kidole tu, mastiki ikabanduka kipande kizima, kama ukoko wa bukari, ugali wetu, chini ya sufuria. Nikakaa chini, nikalia, ukoko wangu mkononi.

Jirani wa nyuma ya ua, baba mmoja Mwislamu anayeunda maboti ya mbao, alinisikia akaja. Akainama, akapitisha kidole kwenye bati, akakinusa.

"Mama, gari ulikuwa unaitengeneza ao ulikuwa unaikaanga?"

Nilitaka kumtukana, nikajikuta nacheka na machozi yangu. Akanieleza kwamba bati limekunywa mawese, na juu ya mafuta hakuna kitu kinachoshika. Nikwangue yote, nioshe kwa majivu na maji ya moto, nisuuze, nioshe tena, na nikidhani nimemaliza nioshe tena. Niliosha siku mbili mpaka kucha zikawa nyeupe. Mastiki ya mara ya pili ikashika.

Rangi alinipa yeye, mabaki ya rangi ya boti. Ilikuwa buluu. Gari langu ni jeupe.

"Nyeupe siko nayo," akasema. "Na hii itatosha upande moja tu."

Akili ya kwanza ilinituma nikatae. Nikawaza lile cheko la shangazi.

"Lete," nikasema.

Nilipaka asubuhi mapema, kabla upepo wa ziwa haujaanza kutuletea mchanga wake, nikarudia kesho yake. Mlango ulirudi mahali pake, ukafunga. Kufunguka ndiko kulikotaka ujanja. Ilibidi unyanyue kitasa juu, halafu uupige mlango kwa kiuno hapo chini yake. Hata mimi ulinisumbua siku mbili. Na papo hapo chini ya kitasa, upana wa kiganja, rangi iligoma kukauka, kwani mawese yalikuwa bado yamejificha kwenye mshono wa bati. Nikasema si neno. Siku ile nitashuka mwenyewe nimfungulie binti, asiguse.

Siku ya arusi gari la wakwe lilikuja hata hivyo. Jeusi, limeoshwa, limefungwa riboni, likasimama mbele ya mlango wetu kana kwamba sikusema kitu. Wanawake wa kwaya wakanivuta pembeni. "Mama, geuza gari yako, upande mweupe njo utazame watu, hapana ule wa buluu."

Nikapanda, nikawasha, nikageuza. Nikawapa wakwe ubavu wa buluu wote, kutoka taa mpaka taa, na vilima vyangu vyote juani. Nani alisema naona haya?

Kisha binti yangu akatokea mlangoni na gauni lake jeupe, na kiburi chote kikanitoka. Nilitaka kushuka kumfungulia kama nilivyopanga. Lakini nikajizuia. Nikishuka nitakuwa nimemwita, na sikutaka aje kwa kuitwa. Nikabaki nimeshika usukani.

Shangazi akafungua mlango wa gari jeusi, akanyoosha mkono. Binti yangu akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo.

"Asante, Mama Shangazi. Tutaonana ku kanisa."

Akalizunguka gari lao, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akaja upande wangu. Akanyanyua kitasa juu. Akaupiga mlango kiuno, mara moja tu, ukafunguka.

Ujanja ule sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote. Kumbe saa zile nilipokuwa ufukweni kwa miguu, gari nimeliacha rangi ikauke, nikidhani amenuna ndani, alikuwa hapa kando ya jiko, yeye na mlango wangu.

"Umekaa vizuri?" nikamwuliza.

"Inanuka ndagala," akasema. "Twende, Mama."

Nilipiga honi kutoka nyumbani mpaka kanisani, na gari jeusi likatufuata nyuma.

Kwenye ngazi za kanisa ndipo watu walipoliona. Juu ya gauni, kiunoni, doa la buluu, upana wa kiganja. Shangazi akapiga yowe, "Yesu wangu!" Akaja mbio na leso, akaitemea mate, akainama kusugua. Binti yangu akamshika mkono taratibu.

"Iache, Mama. Ni rangi ya kwetu."

Akaingia nayo mpaka mbele ya padri.

Gauni lilikuwa la kukodi. Jumatatu nililirudisha mwenyewe, nikalitandaza mezani, doa juu. Mwenye duka akalikwaruza kwa ukucha, akaniuliza hiyo inatoka na nini.

"Haitoki," nikamwambia.