Mjomba Alikufa Mara Mbili, ya Kwanza Kwenye Blogu Yangu

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Admin, jina langu lifiche, na majina mengine ya humu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeachika, nina watoto wawili, naishi Mtawanya hapa Mtwara. Kazi yangu ni kuchapa barua na kutoa fotokopi katika duka moja la mjini. Nilikuwa na blogu. Nasema nilikuwa, maana ipo ila si yangu tena.

Ilikuwa blogu ya tanzia. Watu wa kwetu wametawanyika, wengine Dar, wengine Msumbiji, wengine Uarabuni, na kwetu maiti haikai. Mtu akifariki Kitaya au Kilambo, ndugu mmoja anakuja dukani, anasimama mbele yangu, ananitajia marehemu ni mtoto wa nani na anazikwa wapi, ndipo naandika. Asiposimama ndugu, siandiki. Watu waliniamini kuliko redio. Neno langu la siri lilikuwa korosho na mwaka niliozaliwa, hilohilo kwenye blogu, hilohilo kwenye barua pepe. Tena kompyuta ya dukani ililikumbuka yenyewe, anayekaa tu kwenye kiti ameshaingia. Nilijua si vizuri. Uvivu wangu tu.

Sasa ninaye binamu, Hashimu, mtoto wa mjomba wangu wa Kitaya. Binamu ni mtani, hilo halihitaji maelezo. Yeye ndiye aliyenifundisha kompyuta, na neno la siri alikuwa nalo. Akija mjini huingia kwenye blogu akaandika kwamba natafutiwa mume asiyeogopa mdomo mrefu, wasomaji wanacheka mpaka Maskati. Nami nitamlipiza siku nyingine. Mtani haulizwi kwa nini kafanya, mtani hulipizwa.

Ndiyo maana asubuhi moja mwaka huu nilipokuta kichwa cha blogu kimebadilishwa, pameandikwa "Tumeshaingia", nilicheka. Nikasema Hashimu leo kaishiwa maneno. Sikumpigia. Nilimtumia mkewe salamu kwamba mumewe kachumbia Newala, nikaona tumelipana. Kumbe siku ile Hashimu alikuwa Kitaya anapalilia mikorosho, hata umeme haupo. Mwizi alikuwa anajaribu mlango, na mimi mwenye nyumba nikamchekea.

Wiki moja baadaye ikatoka tanzia ya mjomba wangu. Picha yake niliyoipiga mwenyewe sikukuu ya Idd, maneno kama ninavyoandika mimi, na chini namba ya simu nisiyoijua ya kupokelea rambirambi. Mjomba alikuwa mzima. Binti yake Zuhura, dada yake Hashimu, ameolewa Pemba ya Msumbiji, na mumewe ndiye aliyeisoma. Zuhura akapiga simu Kitaya, haishiki. Akapiga yangu, ilikuwa kwenye chaji kwa jirani. Akafunga safari na mtoto mgongoni, akavuka mto wa mpakani pale Kilambo, akaingia uani kwao analia. Baba yake amekaa mkekani anamenya muhogo. Akamwambia, "Mwanangu, machozi yaweke. Leo njoo ule." Watu wakacheka. Zuhura hakucheka.

Mimi nilipoiona tanzia ile, kwa hasira nikaenda Kitaya kumsomea Hashimu makosa yake mbele ya wazee. Akaniangalia akasema, "Dada, mimi nitamtania baba yangu kwa kifo? Utani nao una mpaka." Nilijua palepale kwamba nimekosea, lakini neno lilishatoka. Zuhura akasema, "Nyie wawili ni walewale, miaka yote mnachezeana humo. Nikisikia tena baba kafa, nitajua mnacheka." Akarudi kwake.

Niliporudi dukani, neno la siri limekataa. Barua pepe nayo imekataa. Fundi mmoja akaniambia ningeweka maneno mawili tofauti na kufunga kila ninapoinuka, hayo yasingenikuta. Ahsante, fundi. Wenye mtambo wa blogu nimewaandikia mara sita, wananijibu kwa Kiingereza barua ileile moja. Siku hizi kwenye blogu yangu panauzwa dawa za nguvu za kiume, na katikati ya dawa picha ya mjomba bado ipo.

Mjomba alifariki kweli siku thelathini na mbili zilizopita. Nilimpigia Zuhura. Akaniuliza, "Mara hii kafa kwa ugonjwa gani?" Nikalia. Akasema, "Hata kulia umejifunza," akakata. Hashimu alipompigia alikatiwa simu hata kabla ya salamu. Baada ya hapo namba haipatikani tena, na hiyo ndiyo wanayotumia yeye na mumewe. Tukazika bila yeye. Tanzia ya kweli sina pa kuiandika, na ningekuwa napo nani angeiamini?

Hashimu ni mtoto wa kiume peke yake, hawezi kutoka msibani kabla ya arobaini. Kanikataza nisiende kwa Zuhura. "Wewe habari za kifo usimpelekee tena dada yangu," ndivyo alivyosema.

Juzi nimeletewa mfuko dukani. Umepita mikono mitatu, aliyenipa hata Zuhura hamjui. Ndani mna kikoi kipya na kikaratasi: "Mpe baba. Mwambie nimepunguza hasira, nitakuja Idd, anibakizie muhogo."

Kikoi nimekilaza kitandani kwangu, sithubutu hata kukikunja vizuri. Arobaini ni wiki ijayo. Wadau, nishaurini kama mnavyomshauri ndugu yenu: nivuke mto nikamwambie mimi, mdomo uleule asiouamini, au nimwache aendelee kuwa na baba mpaka Idd?