Semina Haina Kadi ya Mwaliko

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nimebana pini mdomoni na karatasi iko mkononi, nabandika tangazo kwenye ubao wa idara ya hisabati. Nilikuwa tarishi wa chuo, kijana wa Mabawa niliyeishia darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua, kufungua vyumba na kubandika matangazo nisiyoyaelewa.

Mdogo wangu Mwanakombo alikuwa mwaka wa kwanza chuoni hapo hapo, anasoma hisabati, wa kwanza kwetu kufika huko. Akaja akasimama nyuma yangu, akasoma: semina ya idara, mgeni atazungumza, Alhamisi saa tisa alasiri, chumba cha juu.

"Kaka, na sisi wanafunzi twaruhusiwa?"

Nikatoa pini mdomoni. "Hiyo ya wakubwa. Wakikutaka watakwita."

Sikujua, mwanangu. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Ila nilikuwa na funguo kiunoni, na mwenye funguo huona haya kusema sijui. Mwanakombo aliniamini, maana chumba chenyewe nilikifungua mimi.

Lakini hamu haikumwisha. Kila Alhamisi, watu wakishatoka, alikuwa akipanda ngazi mbio kabla sijafuta ubao, akanakili yaliyobaki: nusu ya mstari hapa, mchoro usio na maelezo pale. Kisha hujiuliza njia nzima, hiki walikifikiaje? Akakaa hivyo miaka miwili na zaidi, anaokota makoko na wali umeliwa na wengine.

Siku moja mwaka wa tatu, Bi Salome akamkuta. Huyu alikuwa karani wa idara, Mshambaa wa Lushoto, mtu mzima, ulimi wake hauna breki.

"Shikamoo, Bi," Mwanakombo akasema, akaifunika kalamu.

"Marahaba. Binti, mbona kila siku waja sufuria limekwisha kuoshwa?"

"Kaka alisema mpaka tualikwe."

Bi Salome akanigeukia. "Wewe Mdigo! Kwenu mtu akifa, mnangoja kadi?"

"La, Bi. Msiba hauna kadi. Ukisikia, unakwenda."

"Na harusi?"

"Harusi hualikwa."

"Basi nani kakwambia hii ni harusi? Mle ndani mna viti thelathini na watu watano. Mgeni kasafiri siku nzima kuja kuzungumza na viti! Tangazo ukilibandika mwenyewe, ulidhani ni pambo la ukuta?" Akamtazama mdogo wangu, sauti ikashuka. "Umebakiwa na Alhamisi sita kabla hujamaliza chuo, mwanangu. Usipoteze hata moja."

Sita! Nilitamani sakafu inimeze. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu huyo nimemlea mpaka leo.

Alhamisi iliyofuata Mwanakombo alinivuta mkono tukaingia wote, tukakaa nyuma karibu na mlango. Mgeni alikuja na kamba ya katani. Akaipiga fundo, akazishona ncha zake mbili pamoja, akaiinua juu. Akauliza: fundo hili laweza kufunguka bila kukata kamba? Na ukisema halifunguki, umejuaje? Pengine hujajaribu vya kutosha tu.

Baba yetu alisokota kamba za mkonge maisha yake yote, na swali hilo halikupata kutujia. Nilifuata dakika kumi hivi, kisha zikaja alama na Kiingereza kizito, nikapotea. Nikatazama kando. Wazee wawili waliosoma sana nao walikuwa wamepotea, mmoja anasinzia. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Mwishoni Mwanakombo aliuliza swali. Mgeni akasema swali zuri, akabaki naye ubaoni mpaka nikatikisa funguo.

Alizipata zote sita. Baadaye akawa mwalimu wa hesabu huku Pongwe, na hakunilaumu hata siku moja. Mara moja tu alisema, "Kaka, zingekuwa nyingi." Basi.

Miezi minne sasa tangu tumzike. Matangani walijaa wanafunzi wake wa zamani, na hakuna aliyewapelekea kadi. Miongoni mwao alikuwa binti mmoja, Zuhura, aliyekuwa akijiandaa kwenda chuo kusoma hisabati. Akanikalia karibu.

"Babu, Mwalimu aliniambia nikifika nitafute semina. Nitazipataje, nami mwanafunzi nitaruhusiwa?"

Swali lile lile, mwanangu. Safari hii nilimjibu ninayoyajua, na nisiyoyajua nikasema sijui.

Nilimwambia haya ya Mwanakombo, nawe yachukue. Ukifika, tafuta ubao wa idara yako, uusome kila wiki. Fungua ukurasa wa idara kwenye mtandao, kisha wa vyuo jirani. Nenda kwa karani, mwamkie vizuri, umwombe aliingize jina lako kwenye orodha ya wanaotumiwa matangazo kwa barua pepe. Makarani wanajua kuliko wenye funguo. Muulize mwalimu anayekufundisha, juma hili nani anazungumza? Kuuliza si ujinga. Siku hizi wengine huzungumza kwa mtandao kutoka mbali, wakaweka kiungo cha kubonyeza uingie, na mara nyingi aliye popote anaruhusiwa; Mwanakombo alikuwa akiwasikiliza kwa simu huku anachambua mchele. Penye shaka, uliza. Pasipo na semina kabisa, kaeni wanafunzi watano, kila juma mmoja awaeleze wenzake jambo alilolisoma.

Na ukiingia, usitishwe na kutoelewa. Andika neno moja usilolijua, ukalitafute. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Juzi Zuhura kaniandikia: "Babu nimeingia. Tulikuwa watu saba. Nimeelewa kama dakika nane, halafu giza."

Nikamjibu kwamba mimi nilipata kumi, na mimi ni tarishi. Kacheka sana. Kisha akauliza, lile fundo la kamba, jibu lake lilikuwa nini?

Nikamwandikia: sijui, mwanangu. Jibu lilikuja baada ya dakika ya kumi, nami nimeshapotea. Nenda kamuulize mtu, uje unieleze kabla nami sijaondoka.

Wewe unayenisoma, nenda. Usimngoje mwenye funguo, huenda hajui. Mola akufungulie kifua chako, akuoneshe mlango ulio wazi, na akupe miguu ya kuuingia mapema. Na umwombee Mwanakombo.